Wasichana wa Transista: Kutoka Paris hadi Mwambao wa Karema

Mwaka 1962 msichana wa Paris aliyeitwa Françoise Hardy, mwenye umri wa miaka 18, alitoa wimbo unaosimulia jinsi wenzake wa rika lake wanavyopita barabarani wawili wawili huku yeye akitembea peke yake. Miaka 11 baadaye msichana mwingine wa umri huohuo, Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani, alipanda jukwaa la Olympia katika jiji lilelile, na mwaka huo akatoa santuri yenye nyimbo za Kiswahili ndani yake. Kati ya wawili hao imo hadithi ambayo watu wa Mpanda, Karema na Ikola, mkoani Katavi, wana haki ya kuidai kama yao, kwa sababu njia iliyopitwa na sauti hizo hadi Afrika ya Kati iliishia ng'ambo ya ziwa lao.

Nyimbo za wasichana wa Kifaransa za miaka hiyo zina mvuto ambao haujaisha. Naamini mvuto huo hautokani na Kifaransa wala na mitindo ya nywele. Unatokana na jambo ambalo muziki wa biashara ulikuwa haujalizoea: msichana anayesema habari za moyo wake mwenyewe, kwa sauti ndogo ya kawaida, kana kwamba anayemsikiliza ni mtu mmoja tu. Nani aliyemwandikia maneno hayo ni swali jingine, na ndilo litakalotufuata hadi mwisho.

Kifaransa cha Karema, 1879–1960

Katavi ilisikia Kifaransa mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili, alianzisha kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algeria, nao wakaifanya ngome ile kuwa misheni.

Aliyeacha alama kubwa zaidi pale hakuwa Mzungu. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi iitwayo Mali leo, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na mapadre, kisha akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa kijana, akatibu watu wa mwambao ule hadi uzee wake wote, na akafariki mwaka 1956. Kwa zaidi ya miaka 60 palikuwa na Mwafrika Karema aliyelelewa kwa Kifaransa, akiishi na kuoa papo hapo. Lakini Kifaransa hicho kilikuwa cha sala, cha dawa na cha barua za kwenda kwa wakubwa wa shirika. Muziki wake ulikuwa wa kanisani.

Mji wa Mpanda wenyewe ulizaliwa kwa sababu nyingine kabisa. Madini ya risasi yalipopatikana, reli ya tawi ikavutwa kutoka Kaliua katika miaka ya mwisho ya 1940, na kwa muda wa miaka kumi hivi Mpanda ikawa mji wa mgodi, wenye vibarua kutoka kila upande. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka uliofuata, Mpanda ilikuwa na reli, maduka, na watu waliobaki baada ya kazi kwisha.

Redio chumbani, Paris 1959–1963

Wakati mgodi wa Mpanda ukielekea kufungwa, huko Ufaransa kulikuwa kunazuka jambo lililoletwa na chombo kidogo. Redio ya transista ilikuwa imeanza kuuzwa kwa bei ambayo hata kijana aliweza kuimudu. Zamani redio ilikaa sebuleni na baba ndiye aliyeishika. Sasa binti aliweza kuibeba chumbani kwake, akafunga mlango, akasikiliza anachokitaka.

Oktoba 1959 kituo cha Europe 1 kilianza kurusha kipindi cha jioni kwa ajili ya vijana, wakati wanatoka shule. Kiliitwa Salut les copains, yaani salamu kwa marafiki, na mtangazaji wake alikuwa Daniel Filipacchi. Watoto waliozaliwa mara baada ya vita kuu ya pili walikuwa sasa wana umri wa miaka 13 au 14, ni wengi kuliko kizazi chochote kilichowatangulia, na wana fedha kidogo za mfukoni. Julai 1962 kipindi kikazaa gazeti. Tarehe 22 Juni 1963 gazeti likaadhimisha mwaka wake wa kwanza kwa tamasha la bure katika uwanja wa Nation, Paris, na vijana zaidi ya 150,000 wakajitokeza. Waandaaji hawakutegemea umati ule, na polisi hali kadhalika. Wiki mbili baadaye msomi Edgar Morin aliandika katika gazeti la Le Monde akauita muziki ule yé-yé, kwa kelele ya waimbaji waliokuwa wakiiga vijana wa Marekani, na jina likashika.

Wavulana walikuwamo, Johnny Hallyday akiwa mbele yao. Lakini wavulana hao waliiga Marekani kwa kila kitu, hadi namna ya kuanguka magotini na gitaa. Wasichana ndio walioleta jambo jipya.

Sauti nne, 1962–1966

Sylvie Vartan alizaliwa Bulgaria akahamia Paris na wazazi wake akiwa mtoto, na mwaka 1965 akaolewa na Johnny Hallyday. Sheila, ambaye jina lake halisi ni Annie Chancel, alikuwa binti wa wachuuzi wa pipi wa masokoni, akavuma mwaka 1963 kwa wimbo wa kusherehekea kufungwa kwa shule. Hao wawili waliuza santuri nyingi sana, na mimi nawapita haraka, kwa sababu kiini cha jambo kimo kwa wengine wawili.

Françoise Hardy alilelewa na mama, baba akiwa mtu wa kuja na kuondoka. Alipofaulu mtihani wa mwisho wa sekondari alipewa zawadi, akachagua gitaa. Alijifundisha milio michache tu, na kwa milio hiyo akaanza kutunga. Wimbo wake wa kwanza mkubwa ulikuwa Tous les garçons et les filles; maneno yake aliyaandika yeye mwenyewe, na muziki wake akashiriki kuutunga. Usiku wa tarehe 28 Oktoba 1962 Wafaransa walikuwa mbele ya televisheni wakingoja matokeo ya kura ya maoni kuhusu namna ya kumchagua rais. Katika mapumziko ya matangazo hayo akaonyeshwa yeye, mrefu, mtulivu, akiimba. Taifa zima lilikuwa limekaa kusubiri siasa, likaletewa binti asiye na mchumba.

Usikilize wimbo huo kwa karibu. Ala ni chache: gitaa linalokwaruza taratibu, besi, ngoma inayopigwa kana kwamba mpigaji anaogopa kumwamsha mtu. Sauti ya Hardy haipandi popote. Mwimbaji aliyesomea kazi yake angeinua sauti pale huzuni inapozidi. Yeye anaendelea kwenye mstari uleule, kama mtu anayesema jambo alilolifikiria kwa siku nyingi hata machozi yakakauka. Hapo ndipo msikilizaji anaponaswa. Hasikii maonyesho, anasikia siri.

France Gall alikuja kwa njia tofauti. Baba yake alikuwa mtunzi wa nyimbo, na tarehe 20 Machi 1965, akiwa na umri wa miaka 17, alishinda shindano la Eurovision huko Naples akiiwakilisha Luxembourg. Wimbo wake uliandikwa na Serge Gainsbourg, mwanaume wa karibu miaka 37, na unamhusu mwanasesere anayeimba mambo ya mapenzi asiyoyajua. Mwaka 1966 Gainsbourg huyohuyo akamwandikia wimbo mwingine kuhusu msichana apendaye pipi za kijiti, wenye maana ya pili ambayo watu wazima wote waliielewa isipokuwa mwimbaji. Gall alipoambiwa alijifungia nyumbani kwa aibu, na maisha yake yote yaliyobaki hakutaka kuuimba tena.

Tukio hilo ni sehemu ya historia, halifai kufichwa na wanaoupenda muziki huu. Uzuri wa nyimbo zile ulitokana na imani kwamba binti anasema yake, na wapo waliofanya biashara kwa imani hiyo huku kalamu ikiwa mkononi mwao. Baada ya hapo Gall alipotea kwa miaka kadhaa, akarudi katika miaka ya 1970 akiwa mtu mzima, na nyimbo zake bora ni za kipindi hicho cha pili.

Ziwa wakati huohuo, 1960–1969

Sasa turudi kwetu. Miaka ambayo Paris ilikuwa ikicheza, ziwa lilikuwa moto. Kongo ilipata uhuru Juni 1960, na Februari 1961 Jean-Pierre Finant, kiongozi wa jimbo la Mashariki na mfuasi wa Lumumba, akauawa huko Bakwanga. Aliacha watoto, mmoja wao binti wa miaka sita aliyeitwa Elisabeth. Tutakutana naye. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliiteka Albertville, iitwayo Kalemie leo, mji wa ng'ambo ya mwambao wa Katavi, na baadaye Stanleyville, Kisangani ya leo. Watu walivuka maji kwa mitumbwi kukimbilia Tanzania.

Transista zilifika huku pia, ingawa kwa uchache. Redio moja ilihudumia ukoo mzima au kilabu kizima cha pombe, na betri zikiisha nguvu zilianikwa juani ili zisukume siku mbili tatu zaidi. Idhaa ya Dar es Salaam ilikuwa na bendi zake, na mkoa jirani wa Tabora ulikuwa na Tabora Jazz. Kutoka magharibi mawimbi ya masafa mafupi yalileta rumba ya Kongo. Katika dansi ya Tanzania ya wakati huo mwimbaji alikuwa mwanaume karibu siku zote. Wimbo ulimhusu mwanamke, ukamwita kwa jina, ukamsifu au ukamlaumu, lakini kipaza sauti hakupewa. Mwanamke mwenye jina alipatikana kwenye taarab ya pwani, ambako Siti binti Saad alikwisha kurekodi huko Bombay tangu 1928.

Mavazi ya wasichana wa transista yalifika kabla ya sauti zao. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969, vimini, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua vikapigwa vita Dar es Salaam kwa jina la utamaduni wa taifa. Mzigo mkubwa wa vita hivyo uliwaangukia wasichana waliofanya kazi mjini. Walihojiwa, na wengine wakashambuliwa vituo vya mabasi, kwa sababu ya urefu wa sketi. Naona ukali uleule uliowakuta akina Hardy kwa wazee wa Ufaransa: msichana mwenye mshahara wake na redio yake anatisha kuliko sketi yoyote.

Abeti, 1971–1974

Elisabeth Finant alikuwa mtoto wa Kisangani, mji wa Kiswahili na Kilingala, aliyesoma kwa Kifaransa kama watoto wote wa shule wa Kongo. Aliwapenda Édith Piaf na Miriam Makeba. Mwaka 1971 aliingia shindano la vipaji Kinshasa akapata nafasi ya tatu. Gérard Akueson, mtayarishaji kutoka Togo, alimwona huko. Akueson alikwisha kumlea kisanii Bella Bellow, binti wa Togo aliyeimba Dakar katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi mwaka 1966 na ambaye angefariki kwa ajali ya gari Desemba 1973. Alijua jinsi ya kumfikisha mwimbaji wa kike Paris. Akawa meneja wa Elisabeth, na baadaye mumewe.

Mwaka huohuo wa 1971 Mobutu aliibadili Kongo kuwa Zaire, na mwanzoni mwa 1972 majina ya Kikristo yakaachwa. Elisabeth akawa Abeti Masikini. Kinshasa haikumpokea mara moja; watu walizoea bendi kubwa za wanaume, na binti mwenye namna ya kuimba ya ukumbi wa Paris hawakujua wamweke wapi. Tabu Ley, aliyekwisha kupanda Olympia Desemba 1970, alikuwa mfalme wa rumba asiye na mpinzani isipokuwa mwanamuziki mwenzake Franco.

Basi Abeti akaanzia ugenini. Februari 1973 mkurugenzi Bruno Coquatrix alimfungulia Olympia, ukumbi uleule ambao Hardy na Vartan walijengea majina yao. Mbunifu wa mavazi Pierre Cardin akamdhamini, na santuri yake ya kwanza ikatoka mwaka huo ikiwa na jina la Cardin juu ya jalada. Humo mna Bibile, mna Aziza, mna Safari, mna Mutoto Wangu. Mwaka 1974 aliimba Carnegie Hall, New York, na Septemba mwaka huo akaimba Kinshasa katika tamasha la Zaire 74 lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Safari hii umati ulimjua.

Anayeisikiliza santuri ile ya 1973 atatambua mambo mawili kwa pamoja. Mpangilio una harufu ya Ulaya: nafasi kubwa imeachwa kwa sauti, gitaa halikimbii kama la rumba, na mwimbaji yuko mbele kabisa kama Hardy alivyokuwa. Lakini sauti yenyewe ni nzito, ya kifuani, yenye kilio cha matanga na bembelezo la mama. Hardy alinong'ona, Abeti aliita. Na alipoita kwa Kiswahili, mtu wa Kigoma au Karema hakuhitaji kutafsiriwa. Kile ambacho wasichana wa Paris walikuwa nacho, yaani binti anayesimama peke yake na neno lake, kilifika ziwani kwa lugha ya nyumbani.

Wageni wa 1972

Mwaka huohuo ambao Abeti alipata jina jipya, mauaji ya Burundi yaliwalenga zaidi Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Waliookoka walivuka mpaka kwa maelfu, na serikali ya Tanzania ikawapa mapori ya kulima. Makazi ya Katumba yalianzishwa karibu na Mpanda, na mwaka 1978 yakafuata ya Mishamo. Hao walikuja na Kirundi, na waliosoma miongoni mwao walikuja na Kifaransa.

Kwa hiyo katika miaka ya 1970 Mpanda ilikuwa imezungukwa na watu ambao masikio yao yaliingia redio kwa mlango mwingine. Bujumbura ilitangaza kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Mwalimu wa Katumba aliweza kufuata maneno ya wimbo wa Kifaransa ambayo jirani yake Mpimbwe au Mkonongo aliyapokea kama sauti tu. Watu hao walikaa miongo minne kama wakimbizi kabla ya wengi wao kupewa uraia wa Tanzania, vyeti vikigawiwa mwaka 2014. Historia ya muziki wa Katavi haitakamilika kabla kwaya na redio za makazi yale hazijaandikwa na watu wake.

Waliopita mlango wa Abeti, 1976–1990

Baada ya Abeti mlango ulibaki wazi. Mwaka 1976 alitokea M'Pongo Love, binti wa Boma aliyelemaa miguu tangu utotoni na mwenye sauti nyororo iliyo karibu zaidi na ile ya wasichana wa Paris kuliko ya yeyote Zaire. Alifariki Januari 1990 akiwa na miaka 33. Tshala Muana, mzaliwa wa Lubumbashi, aliichukua ngoma ya Waluba akaipeleka ulimwenguni. Na Mbilia Bel, aliyeanza kama msichana wa kumwitikia Abeti, alijiunga na Afrisa, bendi ya Tabu Ley, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyimbo kama Eswi Yo Wapi na Nakei Nairobi zilipigwa Afrika Mashariki yote, zikaingia kwenye kaseti zilizosafiri na mabasi hadi miji ya mwisho wa barabara.

Sehemu kubwa ya nyimbo za Mbilia Bel za kipindi hicho aliziandika Tabu Ley. Swali la kalamu likarudi, ingawa kwa heshima zaidi kuliko alivyotendewa France Gall. Mwaka 1987 aliondoka Afrisa akaanza safari yake mwenyewe.

Bujumbura, 1996

Aliyelijibu swali hilo la kalamu alitoka kwenye ziwa lenyewe. Khadja Nin alizaliwa Bujumbura mwaka 1959, akaishi Zaire, kisha akahamia Ubelgiji mwaka 1980. Santuri yake ya kwanza ilitoka 1991, ya pili, Ya Pili, 1994, na mwaka 1996 Sambolera ikamfanya maarufu katika nchi zinazosema Kifaransa. Aliimba kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, na nyimbo zake alishiriki kuzitunga. Alishika soko lilelile la redio za Paris na Brussels lililojengwa na Salut les copains, akaliuzia Kiswahili cha Ziwa Tanganyika, wakati nchi yake ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoleta wimbi jingine la wakimbizi Tanzania.

Abeti hakuuona ushindi huo. Alifariki nchini Ufaransa Septemba 1994, akiwa bado hajatimiza miaka 40. France Gall alifuata Januari 2018, Tshala Muana Desemba 2022, Françoise Hardy Juni 2024.

Kijana wa Mpanda mwenye simu na bando dogo anaweza kuwapata wote hao kwa jioni moja. Namshauri asianzie Paris. Aanze na Mutoto Wangu ya Abeti, kisha Khadja Nin, kisha ndipo amtafute Hardy, na achague rekodi za mwaka 1962, zile za gitaa, besi na ngoma peke yake, kabla hajaanza kwenda studio za London na kuongezewa vinanda.